Mukau wa Mke Wangu

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mvua ya pili ya msimu. Nzuri. Hilo ndilo jambo zuri pekee la leo.

Gari jeupe lilifika kitaluni saa nne. Daktari Wariara, mtaalamu wa miti kutoka bustani kubwa ya mimea kule Nairobi. Mama mpole, miwani, viatu vya matope. Wanatengeneza kona ya mimea ya nchi kame, na wanataka mti wa mukau kutoka Kitui, uliooteshwa na mkulima mwenyewe. Kikundi chetu cha kanisa hapa Matinyani kina watu kumi na wanne. Kila mtu alipanga miche yake kwa mstari. Mimi nilivaa koti.

Niandike ukweli, maana shajara hii nilipewa bure na duka la dawa za mifugo na hakuna mtu anaisoma. Kuotesha mukau si mchezo. Kokwa yake ni jiwe. Nimeipasua kwa kisu, nimeichoma, nimeiloweka siku saba, nimeiombea. Miaka sita, mche mmoja. Mmoja! Lakini mzuri. Uko kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na niliusukuma mbele kabisa.

Daktari aliupita bila kupunguza mwendo. Akasimama kwa mke wangu.

Wayua ana miche mia mbili na arobaini. Yote mukau. Siri yake ni nini? Mbuzi! Mbuzi wanakula matunda ya mukau, wanacheua, wanatema kokwa zizini, na asubuhi yeye anaziokota kwa kiondo. Basi. Hiyo ndiyo elimu yote. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya mifugo miaka ishirini na miwili, na nimeshindwa na mate ya mbuzi.

Daktari alichagua mche mmoja wa Wayua akaufunga utepe mwekundu. Jumamosi kikundi chote tunaenda Nairobi kuupanda. Utawekewa kibao cha chuma chenye jina la aliyeuotesha, na alisema watu hutoka hadi Ulaya kuja kusoma vile vibao. Wote wakapiga makofi. Nikapiga pia. Mara mbili.

Baadaye niliona karatasi mezani. Fomu ya bustani, na kopi ya kitambulisho cha Wayua imebanwa juu yake. Jina: WAYUA MULINGE.

Mulinge! Baba yake! Miaka thelathini na tatu tunakaa pamoja, watoto wanne, na mti utasimama Nairobi miaka mia moja ukisema mama huyu ni wa Mulinge wa Kanyangi. Mzungu atasoma. Atauliza, kwani hakuolewa? Ninaona wivu. Ninamwonea wivu mke wangu, ninauonea wivu mche wake, na ninamwonea wivu mzee wa miaka themanini na tatu ambaye hajawahi kuotesha hata sukuma wiki.

Kibao lazima kisome Ndolo, jina langu.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango wa kwanza: maneno matamu. Nilimchotea Wayua maji ya miche, keni sita, bila kuombwa. Alinitazama akauliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Nikangoja kidogo, halafu nikasema, kama mtu anayezungumza na hewa tu, kwamba jina la mume hupendeza sana likiandikwa kwa chuma.

Akacheka. Akaniambia, "Baba Katunge, wewe ngoja tu Jumamosi utaona." Katunge ni kifungua mimba wetu. Ningoje nione nini? Jina la mkwe wangu linang'aa juani? Kicheko kile kiliniuma mpaka saa sita.

Mpango wa pili: serikali. Nikavaa koti tena, nikaenda kwa naibu wa chifu. Siku hizi ni Mbula, msichana mdogo, anaamkia watu kwa mikono miwili. Nilimwambia ninataka barua moja fupi yenye mhuri, iseme kwamba Wayua anaitwa Wayua Ndolo. Akasema hakuna shida Mzee, mlifunga ndoa kanisani? Nikasema pasta bado anangoja kitu fulani. Kwa mkuu wa wilaya? Hapana. Basi kimila? Nikasema ndiyo, kimila, kabisa kabisa.

Akashika kalamu. Akauliza kwa heshima nyingi, ntheo ililiwa mwaka gani?

Nikaangalia dirisha. Dirisha zuri.

Ntheo ni wale mbuzi watatu. Kwa Mkamba, mbuzi hao wasipofika na kuchinjwa nyumbani kwa msichana, yeye bado ni wa baba yake, hata akiwa na wajukuu. Mwaka wa 1991 nilisema nitawapeleka baada ya mavuno. Mavuno yakawa mabaya. Mwaka wa 1992 nikasahau kidogo. Halafu ikawa aibu kukumbuka. Kitu hiki pasta anakijua, na ndicho anachongoja.

Mbula aliweka kalamu chini polepole. Akasema nikishapeleka hao mbuzi nirudi, barua ni ya dakika mbili tu.

Mbuzi watatu! Kumbe kitu kinachonizuia ni kidogo hivyo.

Jumatano, 6 Novemba

Siku ya mpango mkubwa.

Wayua alitoka mapema na jembe. Leo mwethya ilikuwa kwa Mbithi, mwenyekiti wetu: kikundi chote kinalima shamba la mtu mmoja, kesho la mwingine. Mimi nilisema mgongo unauma. Uliacha kuuma jembe lake lilipopotea kwenye kona.

Zizini kuna mbuzi wanane. Ni wa Wayua, lakini wanalala kwa boma langu, wanakunywa maji yangu, wananipigia kelele mimi. Mbuzi wa mke ni mbuzi wa nyumba, na nyumba ni yangu. Nikachagua watatu wanene. Nikakodi pikapu ya mtu wa mawe. Kufika saa tano niko Kanyangi, nimesimama kwenye boma la Mzee Mulinge, nimeshika kamba tatu, nimenyooka kama askari.

Mzee alikuwa anatengeneza mzinga wa nyuki, kisu mkononi. Nikamsalimia. Nikamwambia kwamba ntheo imefika. Akauliza wazee wangu wako wapi, maana ntheo hailetwi na mtu mmoja kama barua. Nikasema wako njiani. Hawakuwa kwenye njia yoyote.

Akainuka. Akamzunguka mbuzi wa kwanza. Akasema amelishwa vizuri, nikavimba. Halafu akashika sikio lake la kushoto, akalikunja, akalipapasa kwa kidole gumba. Akashika la mbuzi wa pili. La wa tatu.

Akaniuliza, "Ndolo, hii masikio ilikatwa na nani?"

Nikaangalia. Aiya! Mipasuo miwili, mmoja juu, mmoja chini. Mbuzi wote watatu.

Akainua kile kisu alichokuwa nacho. "Ni mimi nilikata. Na hiki."

Akanieleza taratibu, vile mtu anamweleza mgeni njia. Mbuzi jike wa kwanza alimpa Wayua yeye mwenyewe. Na kwa sababu ntheo ya Wayua haijawahi kuliwa, mali yake bado ni mali ya nyumba ya Mulinge. Kwa hiyo kila mwaka Wayua huleta wana wa mbuzi Kanyangi, wanakatwa alama, wanarudi. Kila mwaka! Mimi hufikiri anaenda kusalimia watu.

Miaka ishirini na miwili niliandika alama za masikio kwenye kitabu cha ofisi ya mifugo. Alama za watu wote wa Kitui ya Kati nilikuwa ninazijua kwa kichwa. Mbuzi wa nyumbani kwangu sijawahi kuwaangalia sikio.

Mzee alinishukuru kwa kumrudishia mifugo yake. Akafungua zizi. Wakaingia mbio, kumbe wanapajua. Nililetewa uji nikiwa nimesimama. Hakuna mtu aliniambia nikae.

Alhamisi, 7 Novemba

Nilikuwa nimepanga kumwambia Wayua kwamba mbuzi wamepotea malishoni. Sikupata nafasi. Jana jioni alipoingia, kabla ya kuweka jembe chini, simu ya baba yake ilikuwa imeshafika.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikwenda zizini akahesabu watano, akarudi, akaniwekea chakula, akakaa upande ule mwingine. Nikasema mvua inaonekana itaendelea. Akasema eeh.

Leo asubuhi alipanda kile kilima ambapo simu inashika vizuri. Nilimfuata na panga, ili nionekane ninafyeka. Nilisikia akisema "Sawa, baba" mara nne. Nikasikia akimpigia mtu mwingine. Akasema, "Daktari, pole kwa usumbufu." Halafu upepo ukageuka, ukachukua mengine yote ukapeleka upande wa Mbithi.

Usumbufu gani? Ninajua. Anaongeza majina. Kitabaki kibao cha ukoo mzima wa Kanyangi, babu na babu wa babu, na mimi ambaye kitalu kiko kwa shamba langu sitatajwa hata kama jirani.

Sasa basi. Kama jina haliwezi kubadilishwa, mti unaweza. Mche wangu upandwe badala ya wake. Kibao kiseme kitakavyo, mimi nitakuwa ninajua ule unaokua pale ni wangu. Na baadaye, ukishakuwa mkubwa, nitamwandikia Daktari barua ya ukweli, na itabidi wabadilishe chuma.

Mpango wa tatu ndio safi zaidi.

Ijumaa, 8 Novemba

Kitui mjini kutafuta utepe mwekundu. Umeisha. Nimepata wa zambarau, ule wa maua ya matanga. Kwa mbali ni karibu mwekundu.

Wayua ananiita "wewe." Si Baba Katunge. Wewe.

Jumamosi, 9 Novemba

Niandike yote. Kwa utaratibu.

Tulifika kwenye bustani saa nne kwa basi la kanisa. Langoni walitazama vitambulisho, wakavilinganisha na kopi. Sikulitilia hilo maanani. Laiti ningelitilia maanani!

Mahali penyewe ni pakubwa kuliko soko la Matinyani mara kumi. Njia za kokoto. Nyasi ambazo huruhusiwi kukanyaga, zimekaa tu, hakuna ng'ombe. Mbithi aliziangalia kwa uchungu. Na kila mti una kibao! Sikuona miti, niliona vibao. Mzungu fulani alileta mnazi kabla baba yangu hajazaliwa. Mama fulani kutoka Nyeri alileta mwerezi. Chuo fulani kilileta mwanzi. Nilisoma kila jina na kila jina lilinichoma. Wengine wamekufa zamani, na bado wanasomwa kila siku na watu wanaokula aiskrimu. Niliwaonea wivu wafu, jambo ambalo sikujua linawezekana.

Kuna kidimbwi chenye majani mapana kama ungo wa kupepetea ndengu, yanaelea. Wanawake wetu walipiga picha. Mbithi aliuliza kama mbuzi wanayala. Watu wakamgeukia, halafu wakanigeukia mimi. Kumbe habari imefika kila mahali.

Halafu nyumba ya vioo. Joto la ndani ni la kuivisha ndizi. Kila mtu alivua sweta. Mimi sikuweza kuvua koti, kwa sababu chini ya koti kulikuwa na mche, na mche ulikuwa ndani ya mkebe, na mkebe ulikuwa unavuja. Daktari Wariara aliniuliza kwa huruma kama nina malaria. Nikasema ni furaha tu.

Tulipotoka tulikuta maharusi wakipigwa picha kando ya maua ya waridi. Bibi harusi na shela refu, wasichana wawili wakilishika lisiguse kokoto. Wayua alisimama. Alisimama sana, mikono imekumbatia mche wake. Nikamwambia twende, tutachelewa. Akaja.

Kona ya nchi kame iko mwisho kabisa. Wameleta mchanga mwekundu kwa lori, mawe, mishubiri, na mgunga mmoja ambao watu wa Nairobi walikuwa wanaupiga picha. Mgunga! Kwetu tunaufyeka na unarudi. Pale ndipo tulimkuta Ngure, mtunza bustani. Kijana wa miaka arobaini hivi, mrefu, meno yote. Alipokea mche kutoka kwa Wayua kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Akamuuliza juu ya mbuzi, na kokwa, na zizi, na akaandika kila jibu kwenye kitabu. Wayua alicheka mara tatu. Nilihesabu. Mimi katika miaka yote hiyo nimewahi kumuuliza juu ya zizi? Hapana, kwa sababu nilikuwa ninalijua. Sasa hivi sina hakika nilikuwa ninajua nini.

Lakini twende mbele.

Mbithi aliombwa kuomba. Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa ninaitegemea, maana Mbithi akifunga macho hafungui mpaka amepita mataifa yote. Alipofika kwa waliosafiri nchi za mbali, nilichomoa mkebe. Alipofika kwa wajane, mche wangu ulikuwa umesimama kando ya shimo na wa Wayua uko nyuma ya mshubiri. Aliposema amina nilikuwa nimerudi mahali pangu, macho yamefumbwa, jasho linatiririka.

Ngure akainama kuuchukua. Akasimama. Akaangalia ule utepe wa zambarau. Akachuma jani moja, akalisugua, akalinusa.

Akasema, "Hii si mukau. Hii ni mwarobaini."

Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia kijana, mimi nimezaliwa chini ya mukau, na huo niliuotesha mimi kwa mkono wangu, kwenye mkebe ule, kutoka kwa kokwa ya milima ya Nuu. Ndiyo, nilisema hivyo. Mbele ya wote. Ulimi wangu ni adui yangu.

Kila mtu akaangalia mkebe. Wayua akaangalia mkebe. Mkebe ule uko dirishani kwetu miaka miwili.

Ngure hakunidharau, nilitamani angenidharau. Alisema, "Pole Mzee, hiyo hutokea sana. Kokwa inaoza, ndege anapita anaangusha mbegu ya mwarobaini hapo hapo, na mtu anafurahi." Akanipa jani nitafune, nihakikishe.

Nani asiyejua mwarobaini? Tumenyweshwa tukiwa wadogo kwa homa, huku tumeshikwa pua. Nikaweka jani mdomoni. Uchungu ulipanda mpaka masikioni. Wote walikuwa wananitazama.

Nikameza. Nikasema ni tamu.

Wayua alikwenda nyuma ya mshubiri akaleta mche wake. Ulipandwa. Walimwagilia. Walipiga vigelegele. Halafu Daktari akafunua kibao kilichofunikwa kwa kitambaa:

MUKAU
Umeoteshwa na Wayua wa Mulinge
Kanyangi, Kitui

Kanyangi! Hata kijiji wamemrudisha! Hapo nikashindwa. Nikauliza kwa sauti mbona wanaandika uwongo kwa chuma, mama huyu anakaa Matinyani, na ana mume, na mume yuko hapa amevaa koti.

Wote wakaligeukia koti.

Daktari aliona haya. Akanivuta pembeni, akafungua mfuko wake, akatoa kibao kingine kama kile. Akanieleza kwamba hiki ndicho kilitengenezwa kwanza. Siku ile ya Jumatatu Wayua alimwomba mwenyewe, akamsisitizia asiniambie. Ile kopi ya kitambulisho ilikuwa ya langoni tu. Lakini Alhamisi Wayua alipiga simu. Alisema baba yake amekasirika kwa jambo la mbuzi, na amekataa mtoto wake aandikwe jina la mtu mwingine kabla ntheo haijaliwa, na yeye mwenyewe hawezi kuandika kwa chuma jambo ambalo bado halijawa. Ngure akachapa upya jana. Hiki sasa hakina kazi. Kama ninakitaka nikichukue.

Nilikichukua.

MUKAU
Umeoteshwa na Wayua wa Ndolo
Matinyani, Kitui

Nilikaa kwenye benchi. Hata benchi lilikuwa na jina la mtu. Nilikisoma kibao mara nyingi sana. "Ngoja tu Jumamosi utaona." Alikuwa ameniandika yeye, bila kuombwa, kabla ya keni sita, kabla ya Mbula, kabla ya pikapu. Jina lilikuwa langu tangu Jumatatu. Mimi ndiye niliyelifuta, kwa nguvu zangu zote na kwa gharama yangu.

Mdomo wangu ulikuwa bado mchungu. Nadhani ni mwarobaini.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani Wayua alisimama akashukuru Mungu kwa mti. Pasta akasema amina, akanitazama mimi.

Baada ya ibada nilimkuta nyumbani anafunga mfuko. Nguo mbili, leso, kitabu cha nyimbo. Alisema anaenda Kanyangi. Nikauliza kwa siku ngapi. Akasema mbuzi wake wa kokwa wako kule na matunda ya mukau yataanguka hivi karibuni, kwa hiyo anakwenda yaliko mambo yake.

Nikamwonyesha kibao. Nilikuwa nimekifuta kwa mafuta kinang'aa. Nikamwambia asante. Neno hilo lilitoka kwa shida, lakini lilitoka.

Alikishika. Akapitisha kidole juu ya jina lake, halafu juu ya langu. Akaniambia kwa upole, na ninaandika vile alivyosema:

"Baba Katunge, si mbuzi natafuta. Mbuzi niko nazo. Miaka yote hii nimengoja siku moja utoke hapa ukuje kwetu kwa sababu yangu. Juzi ulikuja kwa sababu ya kibao."

Ameniita Baba Katunge! Moyo wangu uliruka.

Akasema nikileta ntheo nitamkuta huko, na kama ni miaka thelathini na tatu mingine, basi angalau atakuwa na baba yake. Akanieleza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, uko kwenye sufuria, wa siku mbili. Miche imwagiliwe asubuhi na jioni. Akaenda. Nilimtazama mpaka kwenye ile kona. Hakugeuka, lakini alipunguza mwendo kidogo. Au ni mfuko ulikuwa mzito.

Nyumba ni kubwa sana leo. Ninamwonea wivu Mzee Mulinge, amekaa huko na mzinga wake, anasikia mtu akisonga ugali jikoni. Ninauonea wivu ule mche. Umemwagiliwa na mtu ambaye hachoki.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeamka mapema. Nimemwagilia miche mia mbili na thelathini na tisa peke yangu, keni baada ya keni. Mgongo unauma, na mara hii ni kweli. Kibao nimekipigilia misumari sebuleni, juu ya redio. Kinapendeza. Hakuna mtu wa kukisoma isipokuwa mimi, na mimi nimeshakijua.

Mwarobaini wangu uko dirishani. Umepona safari vizuri. Mti wenye roho ngumu.

Nimefikiria sana maneno ya Wayua. Usiku wote karibu. Mwanamke akiongea kutoka moyoni lazima mwanamume asikilize, na mimi nimesikiliza neno kwa neno. Nimeelewa.

Anataka mbuzi.

Na makosa yangu nimeyaona, sijifichi. Kosa la kwanza, nilienda bila wazee. Wiki hii nitaenda na Mbithi, mwenyekiti, mtu wa maombi marefu. Kosa la pili ni lile la masikio. Halirudiwi tena.

Sasa, Mbithi ana mbuzi watatu aliowanunua mwezi uliopita kwenye mnada, na bado hajawaweka alama. Wanene. Nimemwambia ninawahitaji kwa siku moja tu, kwa jambo la heshima, na nitamrudishia Ijumaa. Amekubali, maskini, hata hajauliza jambo gani. Ntheo huchinjwa, hilo ninalijua, lakini nitamwomba Mzee tusichinje siku hiyo hiyo. Nitamwambia tuangalie kwanza kama Wayua atafurahi.

Nimetoka zizini kwa Mbithi sasa hivi. Masikio ni mazima. Nimeyapapasa yote sita.